Ukipishwa, Pita

Kuna maneno mawili niliyomwambia Bibi yangu mlangoni kwa daktari, hapa Reading, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu na kicheko kwa pamoja.

Mi nilifika mlangoni kwanza. Nikaushika mlango, nikataka kuwa mjukuu mwenye adabu zake. Kwa Kiingereza ningesema "After you", yakaisha. Sasa kichwa kikatafsiri chenyewe, mdomo ukafuata: "Baada yako, Bibi."

Bibi akasimama palepale kizingitini. Nyuma yetu kuna mama mmoja Mwingereza na kigari cha mtoto, anasubiri. Bibi hana habari naye. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Baada yangu? Baada yangu kuna nini? Unanizika leo?"

Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Baada yangu utabaki wewe, mjukuu wangu. Lakini kwa sasa bado nipo. Sema: tangulia, Bibi."

Nikasema, "Tangulia, Bibi." Akatangulia.

Kwenye kipindi tumezicheka sana tafsiri za namna hii, na wengi wenu mmetutumia zenu. Lakini kuna jambo ambalo sikulisema hewani, kwa sababu sikuwa na uhakika kama sauti yangu ingehimili. Nataka kuliandika hapa taratibu. Sisi tuliokulia Uingereza tumefundishwa adabu ya kupisha kwa Kiingereza. Ni adabu nzuri, siikatai. Ila tumeibeba nzimanzima mpaka ndani ya Kiswahili chetu, na huko imetugeuza watu wa kupisha tu, hata pale ambapo ni zamu yetu kupita.

Kwanza tucheke kidogo, manake huko mbele si kwa kucheka.

Kiingereza kimejaa maneno ya kukaa pembeni. Chukua "I'll get out of your hair". Mwingereza anaisema anapoaga, maana yake hataki kukusumbua zaidi. Rafiki yangu mmoja alimwambia shangazi yake kwenye simu, "Haya shangazi, natoka kwenye nywele zako." Shangazi akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwani we chawa?" Na siku hizi huko Bongo chawa si mdudu peke yake. Ni yule mtu anayemganda tajiri au mwanasiasa, kazi yake kumsifia tu. Kwa hiyo rafiki yangu alijitukana mara mbili kwa sentensi moja. Kumbe Kiswahili kina njia yake nyepesi kabisa: "Haya shangazi, nikuache upumzike."

Au "Be my guest". Mjomba aliniuliza siku moja kama anaweza kuchukua andazi la mwisho kwenye sahani. Nikajibu, "Kuwa mgeni wangu, Mjomba." Mjomba akatazama huku na huku. Nyumba yenyewe ni yake, maandazi kanunua yeye unga wake. Ilitosha kusema "Chukua tu, Mjomba."

Na "Don't mind me"? Jaribu kumwambia mama yako "Usinijali." Atadhani umenuna. Ataacha anachofanya, atakaa kitandani kwako, atataka kujua nani kakuudhi. We ulitaka kupita tu kuchukua chaja.

Si kila tafsiri inaharibika, tuseme ukweli. "Pass the baton" imeingia vizuri. Magazeti ya nyumbani yanaandika kila siku kuhusu kukabidhi kijiti na kupokezana kijiti, na kila mtu anaona ile picha ya wakimbiaji. Lakini hebu tazama picha yenyewe: kijiti kina mikono miwili. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Wa pili akikataa kunyoosha mkono, kijiti kinaanguka chini na mbio zimekwisha.

Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Neno letu la kupisha lina siri ndani yake, na siri hiyo iko wazi ukilitazama vizuri. Kuwaka, kuwasha. Kuchoka, kuchosha. Kupita, kupisha. Moto unawaka, wewe unauwasha. Mtu anachoka, wewe unamchosha. Mtu anapita, wewe unampisha. Kwa hiyo kumpisha mtu, ukilifungua neno lenyewe, ni kumfanya apite.

Sasa linganisha na "step aside". Ile inazungumzia miguu yako wewe. Umesogea, basi. Hakuna mtu mwingine ndani ya sentensi. Unaweza ku-step aside peke yako uwanjani, hakuna anayekuja wala anayekwenda. Kiingereza nacho kina "let someone through", kwa hiyo siwezi kukionea. Lakini tunayoisikia sana kazini na shuleni ni ile ya kwanza: sogea, rudi nyuma, kaa pembeni, usichukue nafasi ya mtu. Kiswahili ukisema "napisha", swali linakuja hapohapo: unampisha nani? Hata yule mtu mwenye hasira sokoni anayesema "Hebu nipishe!" yumo ndani ya neno, ana mzigo wake na anataka kupita.

Maana yake ni kwamba kupisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya yule anayepishwa. Asipopita, hukumpisha. Mmesimama tu.

Kama unajifunza kuendesha gari hapa utakuwa unaijua alama ya "Give Way", ile pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Na tangu Januari 2022, kanuni za barabarani hapa zinasema dereva anayekata kona ampishe mtu wa miguu anayevuka, au hata anayesubiri tu kuvuka, ile barabara anayoingia. Vizuri. Sasa Waingereza ni Waingereza. Dereva anasimama, anakupungia mkono upite. Wewe uliyelelewa hapa unampungia yeye apite. Yeye anakupungia tena, na wewe unatabasamu unarudi nyuma hatua moja. Magari matatu yamejipanga nyuma yake. Heshima imejaa barabara nzima ila hakuna anayekwenda.

Hivyo ndivyo tunavyofanya na Kiswahili chetu. Nisimseme mtu, nitajisema mimi.

Bibi alifariki majira ya baridi. Nyumbani wanasema ametangulia mbele ya haki. Neno lilelile alilonifundisha mlangoni, nikalisikia kwenye simu kutwa nzima, kila anayepiga analisema.

Miezi yake minane ya mwisho nilikaa naye mimi. Mama alikuwa anafanya kazi zamu za usiku, wengine wana watoto wadogo, mimi ndo nilikuwa na nafasi. Kiingereza cha Bibi kilikuwa kimeshaondoka. Alikuwa nacho zamani cha kutosha kugombana na watu wa benki, lakini mwisho kilimwacha kabisa kikabaki Kiswahili cha Tanga, cha utotoni, kingine hata mimi sikukielewa. Kwa hiyo yote aliyosema miezi ile aliyasema kwa Kiswahili, na aliyekuwa anasikia ni mimi.

Siku ya arobaini tulikusanyika sebuleni kwa Mama. Watu wamejaa, wengine wamekaa chini kwenye mkeka. Bibi Mdogo, mdogo wake Bibi, alikuwa Tanga, yuko nasi kwenye WhatsApp, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili aone watu. Baada ya dua, Mjomba akasema, "Sasa tumpishe mjukuu wake, yeye ndiye aliyekaa naye. Atuambie mawili matatu."

Wote wakanigeukia. Nikaona nyuso za wakubwa, Kiswahili chao chote kile kizuri, nikaanza kuhesabu ngeli zangu kichwani kama mtu anayehesabu chenji mbele ya konda. Nikasema, "Hapana Mjomba, wakubwa kwanza. Mi leo nitachukua kiti cha nyuma."

Mjomba akashangaa kikweli. "Kiti cha nyuma cha gari gani? Mbona hatuondoki sasa hivi?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ni kicheko cha msibani, kile cha kupumua. Lakini mimi masikio yalishika moto. Nikakimbilia Kiingereza, nikamnyooshea kidole binamu yangu: "No, honestly, you go." Akasimama. Ni msemaji mzuri, huyo binamu. Alizungumza kwa Kiingereza safi, akasema Bibi alikuwa mwanamke hodari, alipenda familia, alipika vizuri. Maneno ambayo unaweza kuyasema kuhusu bibi ya mtu yeyote, manake miaka miwili alikuwa hajamuona.

Alipomaliza, sauti ikatoka kwenye simu, pale kwenye chupa ya chai. "Amesema nini huyo? Dada yangu alisema nini mwisho mwisho?"

Mtu akajibu, "Tutakueleza baadaye, Bibi." Sahani zikaanza kupita.

Mimi nilikuwa na jibu na nilikaa nalo. Nikajiambia ni adabu, kwamba nimewapisha wakubwa. Lakini hakuna mkubwa hata mmoja aliyepita pale nilipopisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo yale maneno. Nilikuwa mwoga, nikauvalisha woga nguo ya heshima.

Nimelifikiria sana lile neno langu la kiti cha nyuma. "Take a back seat" ina maana ukiwa na kiti cha mbele. Anayeiambia dunia kwamba anakaa nyuma ni mtu ambaye amewahi kuendesha. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoachia urais hakusema tu kwamba anajiuzulu. Alikuja na neno kung'atuka, kutoka Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, na Kiswahili kikalipokea mpaka leo. Aling'atuka akiwa ameshika nchi zaidi ya miaka ishirini, na Mzee Mwinyi akaingia. Uenyekiti wa chama akauachia 1990. Unaweza kubishana na siasa zake zote, hiyo ni mada ya siku nyingine. Lakini maana ya neno iko wazi: kuna aliyekalia, kuna aliyeinuka, kuna aliyeingia.

Sisi tuna miaka ishirini na kitu, na tunang'atuka kwenye Kiswahili ambacho hatujawahi kukikalia. "Nawaachia wakubwa." "Mama ndo anajua." "Kiswahili changu kibovu, ongea wewe." Tunasema kwa unyenyekevu mkubwa, kama wastaafu. Huwezi kung'atuka kwenye kiti ambacho hujawahi kukaa.

Na Kiingereza chenyewe kinajua hatari hii. "Give way" ina maana mbili. Moja ni kupisha. Ya pili utaisikia sakafu ya nyumba kongwe inapokatika chini ya miguu ya mtu: "the floor gave way", imeporomoka. Ukipisha kila saa, kila mtu, kila mahali, ipo siku hutajua unafanya ipi kati ya hizo mbili.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimekisema mimi mwenyewe. Wakubwa wanatucheka. Ni kweli. Unafungua mdomo, unasema "kitabu yangu", na shangazi mzima anaanguka kwenye kochi kwa kicheko, halafu anamuita jirani aje asikie. Baada ya hapo nani atarudia? Kwa hiyo na nyinyi wakubwa mnaosoma hapa, najua mpo, mnasoma mkijifanya mnatafuta kipindi: mkitupisha, msitupige ngwala. Huwezi kumwambia mtu pita halafu ukamtegea mguu. Turekebisheni, tunataka. Lakini mturekebishe tukiwa tunatembea, msitusimamishe.

Hata hivyo siwezi kumaliza kwa kuwalaumu wao. Mjomba siku ile hakunicheka Kiswahili. Aliuliza swali la haki kabisa, gari gani. Angeuliza, ningecheka na mimi, ningesema "Nilitaka kusema nakaa nyuma, Mjomba," halafu ningeendelea. Dakika moja. Njia ilikuwa wazi na waliokuwa wamesimama pembeni walikuwa ndugu zangu.

Sasa, vitu vya kutumia. Mmekuwa mkiviomba, na vichache vinatosha.

Mlangoni, kwa mkubwa: "Tangulia, Mama." "Pita, Baba." Kwa rika lako: "Pita tu" au "Anza wewe". Hiyo "baada yako" iache, nimeshaililia kwa niaba yenu.

Ukitaka kupita mbele ya watu waliokaa, usipite kimya na usiseme "sorry" kumi. Inama kidogo, sema "Kumradhi, naomba nipite" au "Nipisheni kidogo jamani". Angalia sauti tu. "Nipishe" kavu, bila kumradhi wala tabasamu, inaanzisha ugomvi.

Ukimwinukia mkubwa kwenye kiti, anaweza kukwambia "Starehe." Nilidhani kwa muda mrefu ni mambo ya anasa. Kumbe maana yake kaa, usijisumbue, uko sawa hapo ulipo. Mwambie mara moja, "Karibu ukae." Akirudia starehe, basi kaa. Ameshakupisha yeye.

Na ukiambiwa "sema mawili matatu", unaruhusiwa kukataa mara moja. Mara moja tu, ni ungwana. Wakikuita mara ya pili, simama. Anza na shikamoo zako, zile unazijua tangu una miaka mitatu, zitakupa muda wa kupumua. Halafu sema ulichonacho kwa Kiswahili ulichonacho. Neno likikukimbia, liseme kwa Kiingereza uendelee mbele. Hakuna aliyekufa kwa neno moja la Kiingereza. Wenye lugha wenyewe wanachanganya kuliko sisi.

Wiki tatu baada ya arobaini nilimpigia simu Bibi Mdogo. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba kwa sababu ndo mahali pekee penye mtandao mzuri. Nilimwambia, Bibi, siku ile uliuliza swali na mimi ndo nilikuwa na jibu.

Nikaanza kumsimulia. Nikasema nilikuwa namkanda "mguu zake" usiku. "Miguu yake," akasema. "Enhe, endelea." Nikaendelea. Nikakosea, akasahihisha, enhe, endelea. Ilikuwa hivyo karibu saa nzima. Nilimwambia Bibi alichokuwa anakula na alichokuwa anakataa. Nilimwambia habari ya kisima ambacho alikuwa anakitaja kila jioni, nikidhani ni ndoto, kumbe Bibi Mdogo anakijua, na akanieleza kilikuwa upande gani wa nyumba yao na nani aliwahi kutumbukia. Hicho mimi nisingekijua maisha.

Mwisho nikamwambia lile lililokuwa limenikaa kooni. Kwamba wiki ya mwisho Bibi hakuwa ananiita kwa jina langu tena. "Alikuwa ananiita kwa jina lako, Bibi. Alikuwa anadhani mimi ni wewe. Ananiambia tutoke, jua limepanda, tutachelewa chuoni."

Kukawa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia simu kama imekatika. Halafu akasema, "Alikuwa anatangulia kila siku, yule. Mimi ndiye nilikuwa nachelewa."

Maneno yale yangebaki kwangu mpaka yanisahaulike. Yalikuwa ya kwake, mimi nilikuwa nimeyashikia tu, na yalikuwa yanamsubiri tangu siku ya arobaini kwa sababu mimi nilikuwa nimeziba njia kwa adabu.

Bibi alisema baada yake nitabaki mimi. Nawe kuna mtu nyumbani kwenu ambaye baada yake utabaki wewe. Sitaki nikutishe, nakuomba tu: safari hii wakisema sema mawili matatu, usitafute binamu wa kumnyooshea kidole. Na kama ipo simu unayoidaiwa, ya mtu wa Tanga, Mombasa, Bukavu, Muscat au popote, ipige wiki hii. Ukikosea ngeli utarekebishwa. Enhe, endelea.